Jina la Duka Lisilo na Mlango

Tangu niache kazi, miezi mitatu sasa, ninyi vijana mliorithi meza yangu mmekuwa mkiniuliza swali lile lile: Mama Odile, uliwezaje kuchonga mihuri kwa wembe miaka yote ile bila kujikata vidole? Jibu ni kwamba nilijikata. Vyote kumi, kwa zamu. Lakini najua hilo silo mnalotaka kujua hasa, kwa sababu sasa mna mashine inayochonga kwa mwanga, na mashine haimwagi damu. Mnachotaka kujua ni namna ya kukaa na mteja anayekuja na jina baya mkononi na furaha usoni. Basi nitaandika hayo. Ya vyeo nitayaacha, maana cheo changu cha kwanza na cha mwisho kilikuwa "mama wa kashe", yaani wa mihuri.

Nilianza nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, kwa Papa Tadeo, rafiki wa baba yangu, aliyekuwa na meza kwenye barabara ya ofisi, hapa hapa Goma. Meza yenyewe mnaijua, na lile jiwe jeusi lililo chini ya mguu wake mfupi ni yeye aliyeliweka. Siku ya kwanza hakunipa wembe. Alinipa kioo kidogo cha kunyolea ndevu, akaniambia nikazunguke mitaani wiki nzima nikisoma vibao vya maduka kupitia kioo hicho, kwa sababu maandishi ya muhuri huchongwa kinyume ili yakigongwa kwenye karatasi yakae sawa. Basi nikawa nayapa maduka mgongo, kioo mbele ya uso, natembea kama niliyerogwa. Nilimkanyaga mwanamke mwenye ndizi, akanitukana kwa Kinande, na nilipomwomba radhi kwa Kinande akanitukana upya, safari hii akimtaja na mama yangu.

Lakini wiki ilipoisha nilikuwa nimeshikwa na ugonjwa ambao haujanitoka hadi leo. Nilikuwa nimesoma majina mengi mno ya maduka, na nilipolala mengine yalibaki kichwani na mengine yalipotea bila kuaga. Nilitaka kujua kwa nini. Papa Tadeo alisema hilo halitalisha mtu, nishike wembe.

Siku hizo mpira wa muhuri tulikuwa tunautoa kwenye soli za viatu vilivyokwisha maisha. Unaupaka unga wa chaki, unachora kwa penseli, unaanza kukata nje ya herufi, na matundu ya ndani unayaacha mwisho, kwa maana ukianza nayo herufi italegea. Asubuhi mpira huwa na baridi na hukatika vipande vipande kama mkate wa jana, kwa hiyo lazima uupashe joto. Papa Tadeo aliuweka kwapani. Mimi, kwa heshima zangu, niliukalia.

Kisha kuna duara. Muhuri wa biashara ni wa mviringo, jina linazunguka pembeni, na duara halina huruma. Mtu anakuja na jina kama "Établissements Commerce Général et Services Divers La Grâce Suffisante et Fils", anataka liingie lote, na chini yake picha ya tai. Nilijifunza kutobishana. Nilimwambia tu arudi saa tisa, na aliporudi nilimwomba anitajie jina la duka lake kabla sijashika wembe.

"Ni Établissements... Grâce... ngoja, mama. Angalia kwenye ile karatasi yangu."

Hilo likawa sheria ya meza yangu: husemi jina kwa mdomo wako, hupati muhuri. Wengi walikasirika. Wengine walikwenda pembeni, wakakaa kando ya barabara, wakarudi na jina la maneno mawili. Na kila muhuri niliomaliza, chapa yake ya kwanza niliigonga kwenye daftari langu. Jumamosi zisizo na kazi nilichukua daftari nikazunguka kuona ni majina gani bado yako hai. Mume wangu alisema wake za wenzake huenda kwenye chama cha akina mama na wa kwake anakwenda kukagua makaburi.

Nililoliona la kwanza ni kwamba sisi Wanande tuna shida yetu wenyewe. Kwetu mtoto hupata jina kwa zamu ya kuzaliwa: wa kiume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na wasichana hivyo hivyo, mimi Masika na mdogo wangu Kavira. Ndiyo maana wafanyabiashara wa kutoka Butembo walinijia mmoja baada ya mwingine wakitaka "Maison Kambale", kila mmoja akiamini ni yeye peke yake. Ukisimama sokoni ukaita Kambale, nusu ya soko inageuka. Lakini wateja hawakuwahi kupotea. Walikuwa na Kambale wa misumari, Kambale wa vitenge, na Kambale mmoja waliyemwita wa Mbwa, ambaye hakuuza mbwa ila alikuwa naye. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuja kuniomba nichonge hilo. Nilichonga walichotaka, na watu wakaita walichoona.

Sasa niandike jambo ambalo sikupenda kuliandika. Mwanamke mmoja alinijia miezi michache baada ya kumzika mumewe. Alikuwa na duka dogo la nguo za watoto, na alitaka muhuri wenye jina la marehemu. Mimi, mjuaji, nikamwambia usifanye hivyo, ndugu zake watasema duka ni lao. Weka jina la mtoto. Mtoto wake wa kiume aliitwa Espoir. Nikachonga "Maison Espoir", na kuanzia hapo wote tulimwita Mama Espoir. Niliupenda ule muhuri. Haukupita muda, kaka za mume walikaa kikao. Walisema Espoir ni wa ukoo wao, duka limeandikwa Espoir, basi duka ni la ukoo mpaka mtoto akue. Walichukua duka na nguo zake, na muhuri wangu wakaanza kuutumia kupokelea mizigo. Mama Espoir akaenda kuuza nyanya Mapendo, mtaani kwangu. Kila asubuhi alinisalimia vizuri kabisa, na kila asubuhi ile salamu ilinichoma.

Kwa miaka kumi na mmoja niliamini kwamba ni mimi niliyemwangusha kwa ushauri wangu. Sikushauri tena mtu yeyote kuhusu jina. Niliuliza tu, nikachonga.

Ndipo, wiki mbili kabla sijaweka wembe chini, akaja Kavira mwingine, si mdogo wangu. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amefunga kitenge cha rangi ya majani, simu mbili mkononi. Alikaa bila kukaribishwa.

"Mama, jambo. Niko nataka kashe."

"Ya duka gani, mutoto wangu?"

"Ya duka ya ku intaneti."

"Iko fasi gani, ku soko au ku barabara?"

"Haina fasi, mama. Iko mu telefone. Mutu anaona samaki ya Vitshumbi, anaona fromage ya Masisi, anabonyeza, pikipiki inamupelekea ku nyumba."

Nilicheka hadi miwani ikashuka. "Duka haina mulango, na inataka kashe?"

Hakucheka. "Batu ba Goma unabajua, mama. Batakula fromage yangu, lakini kama karatasi ya kupokea haina kashe, banasema ni kitu ya kuiba."

Alisema kweli. Hapa kwetu jibini bila karatasi ni la wizi, na karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga. Nikachukua penseli, nikamuuliza jina. Hapo akazipanga zile simu mbili juu ya meza yangu kama anazipimia urefu. Duka lilikuwa limekamilika, alisema. Fundi wa mtandao alikuwa amemaliza kila kitu, picha zimo, bei zimo, ila jina halijaandikwa, na fundi amemwonya kwamba jina likishasajiliwa, kulibadilisha ni kuanza upya. Alikuwa na majina matatu kwenye karatasi. La kwanza lilikuwa la marehemu mumewe: "Kasereka Express". La pili la mtoto wake: "Chez Plamedi". La tatu lilikuwa la Kifaransa lenye maneno manne na neno "virtuel" katikati.

Niliposikia marehemu na mtoto, nilimkumbuka Mama Espoir. Nilitaka kumwambia nimeacha kazi jana.

Badala yake nilimwambia anipe siku tatu. Nilikuwa na desturi ya udadisi ambayo hakuna aliyeniomba: jina jipya nalitaja mara moja tu kwa wenye pikipiki wanaoegesha mbele ya meza, na kwa mama wa mikate, kisha nakaa kimya. Siku ya tatu nauliza. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Lile la Kifaransa, hakuna aliyebaki nalo hata neno moja, isipokuwa mama wa mikate aliyesema ni kitu cha virusi. La Plamedi walilikumbuka, lakini kila mmoja alikuwa na Plamedi wake, mpwa au jirani, na mmoja alidhani ni shule ya chekechea. La Kasereka walilikumbuka wote.

"Ile ya marehemu Kasereka, mwenye alikuwaka analeta bitu toka Butembo," alisema mmoja wa wenye pikipiki. "Alikuwa mutu wa kweli. Sasa ni bandugu yake njo banaiendesha?"

Kavira aliporudi nilimweleza nilichosikia, na swali la yule kijana nikalirudia neno kwa neno. Hapo ndipo akanisimulia. Mkubwa wa shemeji zake, aliyeitwa Paluku, alikuwa amefika kwake mara mbili tangu kifo, akiuliza kwa upole kazi ya ndugu yake inaendeleaje. Kavira alikuwa anaanza duka hili kwa mikono yake, miaka miwili baada ya mazishi, na biashara yake ya simu, aliyoifanya kabla ya duka, ndiyo iliyokuwa inasomesha watoto wake wawili. Likichukuliwa, hana lingine. Nilijua nyanya zinauzwaje Mapendo. Nikafunga meza saa nane mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikampeleka kwa Mama Espoir.

Tulimkuta ameketi nyuma ya nyanya zake. Nilimwomba amweleze Kavira yaliyompata, ili asirudie kosa langu. Nilisema hivyo, kosa langu. Mama Espoir akaanza kucheka polepole.

"Odile, miaka yote hii unazani ni kashe yako njo iliniangusha?"

"Si mimi nilikwambia uweke jina ya mutoto?"

"Weye unajionaka mukubwa sana." Akageukia Kavira. "Muangalie huyu mama. Anazani batu banakamata duka kwa wembe. Sikia, binti. Baliweka kufuri. Nilifika asubui, nikakuta kufuri yenye siyo yangu ku mulango. Ile jina ilibapatia tu neno ya kusema ku kikao. Duka, balipewa na kufuri."

Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimejilaumu, na sasa sikujua nifurahi au nione haya. Niliona haya.

"Yako haina mulango," Mama Espoir aliendelea, akipanga nyanya. "Kufuri batatia wapi?"

Kavira alizitazama simu zake. Kisha nikaona uso wake unabadilika.

"Ku nambari," alisema.

"Nambari gani?"

Aliinua moja ya zile simu mbili. Ilikuwa na kadi ya simu ya marehemu mumewe, iliyoandikishwa kwa jina la huyo marehemu na kitambulisho chake. Wateja wote waliijua nambari hiyo. Fundi wa mtandao alikuwa ameliunganisha duka zima na nambari hiyo: maagizo yanaingilia hapo, malipo yanaingilia hapo, na neno la siri likisahaulika linatumwa hapo. Na Paluku, kwa upole ule ule, alikuwa ameshaomba apewe ile kadi ya simu, kama ukumbusho wa ndugu yake.

"Njo mulango yako hiyo," alisema Mama Espoir. "Ifunge weye kwanza."

"Nikiiacha, bateja bangu batanipata kwa kitu gani?"

"Kwa jina," nilisema.

"Na jina sina," alisema Kavira. Akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu. "Na tena, mama, nikitoa jina ya Kasereka, ni kama niko namuzika mara ya pili."

Mama Espoir alimpa nyanya mbili za kupeleka nyumbani. Tuliondoka.

Usiku ule sikulitafuta jina. Nilimfikiria Kambale wa Mbwa. Asubuhi nilimpigia Kavira nikamuuliza swali ambalo nashangaa halikunijia miaka thelathini iliyopita, ila miaka thelathini iliyopita hakukuwa na simu za mkononi. Nilimuuliza: wateja wako wamekuandika nani kwenye simu zao?

Hakujua. Hakuna ajuaye alivyoandikwa kwenye simu ya mwenzake. Basi tukapanda pikipiki, yeye na mimi, siku mbili, tukapita kwa wateja waliokuwa karibu, tukiomba jambo moja tu: utuoneshe jina ulilomhifadhi nalo. Hamjui jinsi watu walivyo wagumu kuonesha simu. Wengine waliona tumetumwa na wake zao. Mwanaume mmoja, mwalimu, anayependa sana fromage ya Masisi, alitokwa na jasho kabla ya kutuonesha kwamba amemwandika Kavira "Fundi Bomba". Mkewe, alisema, hapendi kuona jina la mwanamke likiita saa za chakula. Tulimhakikishia kwamba siri yake iko salama, na ndiyo maana sisemi ni mwalimu wa shule gani.

Baadhi walikuwa wamemwandika "Kasereka", wengine "Muke ya Kasereka". Mmoja aliandika "Samaki". Lakini nyumba ya nne mama mmoja alituonesha "Kavira Beseni". Ya sita, "Mama wa Beseni". Ya tisa, kijana wa duka la dawa, "Beseni" peke yake. Na zikaendelea hivyo mpaka nikaacha kuamini macho yangu, nikavaa miwani juu ya miwani.

"Beseni gani?" nilimuuliza Kavira tukiwa njiani.

Aliona aibu. Kila kitu anachouza, alisema, anakipiga picha kabla ya kukituma, ili mteja aone atakachopata ndicho hicho. Na kwa kuwa nyumbani kwake ni giza, anatoka nje, anaweka beseni juu ya jiwe, anaweka kitu ndani yake, anapiga. Samaki, maharage, chumvi, viatu vya mtoto, vyote ndani ya beseni lile lile la bati, jeupe, lenye maua mekundu na ukingo uliobanduka. Fundi wa mtandao alikuwa amemsihi alifute kwenye picha zote. Alisema linaonesha umaskini.

"Nani alikupatia hiyo beseni?"

"Bashangazi bangu, mama. Siku ya ndoa. Ni wao balinisindikiza nayo toka Butembo, pamoja na masufuria."

Nilimwambia mwenye pikipiki asimame. Nilitaka kusema jambo hilo nikiwa chini, miguu yote miwili juu ya ardhi.

Vijana, wengine wenu mmezaliwa mjini na mambo haya hamyajui. Kwetu, vitu vya jikoni ambavyo mwanamke amesindikizwa navyo na watu wake ni vyake. Mume akifa, ndugu zake wanaweza kuja wakabeba kitanda, redio, mabati ya juu, hata mlango. Beseni wanaliruka. Si kwa huruma, nawajua. Ni kwa haya. Katika maisha yangu sijasikia mwanaume aliyesimama katikati ya kikao cha wazee akadai beseni la mke wa ndugu yake. Mama Espoir walimnyang'anya kila kitu, na nyanya zake siku ile zilikuwa ndani ya nini? Ndani ya beseni, nami nilikuwa nimelitazama mchana ule bila kuliona.

"Duka yako inaitwa Beseni," nilimwambia Kavira. Nilikuwa nimeapa kutoshauri mtu tena, na nikavunja kiapo pale pale barabarani.

"Beseni? Mama, batu batacheka."

"Bacheke. Banakuita vile tayari."

Hakukubali siku ile. Alisema alitaka jina lenye heshima, na alisema hivyo mara tatu hadi kwenye mlango wake. Nikaenda zangu, nikafanya jaribio langu kwa wenye pikipiki na mama wa mikate, mara moja tu, kimya siku tatu. Siku ya tatu sikuhitaji kuuliza. Nilipofika asubuhi, mmoja alikuwa anasimulia beseni la mama yake lililonusurika nyumba ilipoungua kwa moto wa mlima wetu wa volkeno, mwingine anambishia kwamba la mama yake ndilo lililokuwa kubwa, na mama wa mikate akaniuliza duka lile linafunguliwa lini. Nikamwita Kavira aje asikilize mwenyewe. Alisimama nyuma ya mwavuli wangu, nao wasijue yupo. Aliposikia ya kutosha alitoka, akaniambia: "Chonga."

Nilichonga kwa mkono, mpira wa soli, ingawa mashine yenu ilikuwa tayari imefika. Neno moja lilizunguka duara bila kusongamana, na katikati pakabaki nafasi ya ua kama yale ya beseni. Chini yake niliandika jina lake kamili na neno "mwenyewe". Fundi wa mtandao alisajili duka kwa kitambulisho cha Kavira, na kwa nambari mpya ya Kavira. Kisha kutoka ile nambari ya zamani, Kavira alituma ujumbe mmoja kwa watu wote: Beseni imehamia hapa, na nambari mpya chini yake. Kadi ya marehemu aliitoa kwenye simu, akaifunga ndani ya leso, akampelekea Paluku kama alivyoiomba.

Kisha tukangoja. Sipendi kuwadanganya, siku ya kwanza hakupiga mtu. Siku ya pili Kavira alikuja akakaa kwenye meza yangu toka asubuhi, simu mapajani. Nilimwona anavyoitazama, nikawa najuta upya. Saa tano simu iliita. Alikuwa yule mwalimu, anaomba fromage mbili na kumwomba asimpigie saa za chakula. Jioni walikuwa wamepiga wengine. Wiki haikuisha, Kavira hakuwa na nafasi tena ya kukaa na mimi.

Siku yangu ya mwisho kazini, nikiwa nakusanya nyembe zangu, alikuja mwanaume wa makamo, koti limepigwa pasi, viatu vimefutwa vumbi. Alinisalimu kwa adabu. Nilimjua kabla hajajitambulisha.

"Mama, niko nataka kashe. Sawa na ile ulifanyia shemeji yangu. Chini utaandika: Directeur, Paluku."

"Kwa nini, papa?"

"Ni mambo ya familia. Mudogo wangu alikufa, mali yake haiwezi kubakia bila mutu mukubwa wa kuichunga."

Alisema bila ubaya wowote usoni. Naamini alijiona anatenda haki. Nikachukua karatasi, nikanoa penseli taratibu.

"Sema jina ya duka."

"Unaijua, mama. Ni weye ulichonga."

"Hiyo njo sheria ya meza yangu. Bila jina ku mudomo, sikatake mupira."

Aliangalia pembeni. Wenye pikipiki walikuwa wamezima injini zao. Mama wa mikate alikuwa ameacha kufukuza nzi. Kulikuwa na wateja wengine wawili wanaongoja, mmoja wao mzee wa kanisa.

"Beseni," alisema kwa sauti ya chini.

"Beseni ya nani, papa? Niandike vizuri."

Alifungua mdomo. Naapa alikuwa na neno "yetu" tayari, alikuwa amekuja nalo toka nyumbani. Lakini mzee wa kanisa alikuwa anamtazama, na wenye pikipiki walikuwa wanamtazama, na mtu mwenye koti lililopigwa pasi hawezi kulisema neno lile akiwa amesimama mbele ya watu.

"Ya shemeji yangu," alisema.

Baada ya hapo hakukuwa na cha kuandika. Akanishukuru, akavuka barabara. Nilimpigia Kavira kwenye nambari yake mpya, nikamweleza kwamba Paluku amepita hapa, ametaka muhuri, na amesema beseni ni lake yeye Kavira, mbele ya watu.

Alitaka nirudie.

"Alisema kwa mudomo yake?"

"Kwa mudomo yake. Batu ba pikipiki bote balisikia."

Nilimsikia akivuta pumzi, na nikajua analia, nikatafuta neno la kumwambia, mimi niliyechonga maneno ya watu maisha yangu yote. Kabla sijalipata, aliniwahi.

"Mama, unisamehe," alisema. "Kuna mutu anapiga, anataka samaki."

Akanikatia simu.